Mkazo na kupinda kwa boriti: maswali ambayo wanafunzi huuliza mara kwa mara

Maswali haya hujitokeza kila mwanafunzi anapokutana na boriti kwa mara ya kwanza. Mengine yana jibu la mstari mmoja, mengine yanataka ushike kalamu. Karibu mifano yote inatumia boriti moja ya mbao yenye urefu wa mita 6, ili tarakimu zikuzoee nawe uzizoee. Utaona pia neno "mchoro" likirudiwa mno. Ni kwa makusudi: ukikagua karatasi za wanafunzi walioanguka, fomula ya mkazo (nguvu kwa kila kizio cha eneo) mara nyingi imeandikwa sawasawa, na kosa limejificha ukurasa wa nyuma, kwenye mchoro uliofanywa haraka au ambao haukufanywa kabisa.

Nikipewa swali la boriti, nianzie wapi?

Ichore boriti peke yake, ukiwa umeondoa kuta, nguzo na kila kilichoishikilia. Mahali pa kila egemeo weka mishale ya nguvu ambazo egemeo hilo linaweza kutoa. Rola husukuma upande mmoja tu, kwa kawaida juu. Pini hutoa nguvu ya wima na ya mlalo. Ncha iliyofungwa ukutani hutoa hizo mbili pamoja na momenti, yaani uzungushaji (nguvu mara umbali). Kisha weka mizigo yote na vipimo vyote.

Baada ya hapo una milinganyo mitatu ya msawazo: jumla ya nguvu za mlalo ni sifuri, jumla ya nguvu za wima ni sifuri, jumla ya momenti kuzunguka nukta yoyote ni sifuri. Kwa boriti ya kawaida iliyolazwa juu ya pini na rola, hiyo mitatu inatosha kupata nguvu za maegemeo. Mkazo bado uko mbali; usiuguse.

Nguvu ya kukata na momenti ya kupinda ni vitu gani hasa?

Chukua boriti yako, ikate kwa fikra mahali popote, halafu utupe kipande cha kulia. Kipande cha kushoto kilichobaki hakiwezi kukaa hewani chenyewe: nguvu ya egemeo lake na mizigo iliyo juu yake kwa kawaida havilingani. Kwa hiyo pale kwenye mkato lazima pawe na kitu kinachokitegemeza, na kitu hicho ni kile kipande kingine kilichokuwa kikikishikilia kutoka ndani. Nguvu ya wima inayohitajika hapo ndiyo nguvu ya kukata, V. Uzungushaji unaohitajika hapo ndio momenti ya kupinda, M.

Hivyo V na M ni majibu ya swali moja: nikikata hapa, nini kitahitajika ili kipande hiki kisianguke wala kuzunguka? Ukilishika swali hilo, hutahitaji kukariri kanuni za michoro ya V na M. Utakuwa unakata na kuuliza, unakata na kuuliza, hadi uifikie ncha ya pili.

Naomba mfano mmoja wenye tarakimu, kuanzia mwanzo.

Boriti ina urefu wa mita 6 kati ya maegemeo A (kushoto) na B (kulia). Juu yake kuna mzigo uliotandazwa sawasawa wa kN 4 kwa kila mita, na mzigo wa nukta wa kN 9 ulioko mita 2 kutoka A.

Mzigo uliotandazwa una jumla ya 4 × 6 = kN 24, na kwa kutafuta nguvu za maegemeo unaweza kuuweka katikati yake, mita 3 kutoka A. Chukua momenti kuzunguka A:

24 × 3 + 9 × 2 = 72 + 18 = 90

B iko mita 6 kutoka A, kwa hiyo nguvu ya B ni 90 ÷ 6 = kN 15. Mizigo yote ni kN 33, basi A inabeba 33 − 15 = kN 18. A imebeba zaidi kwa kuwa mzigo wa nukta uko karibu nayo. Ungepata kinyume chake ungejua papo hapo kuna kitu umekosea.

Sasa tembea kutoka kushoto ukifuatilia V. Pale A inaanzia +18. Kila mita inapungua kwa 4, kwa hiyo kabla tu ya kufika mita 2 imebaki +10. Mzigo wa nukta unaiangusha ghafla kwa 9, inabaki +1. Inaendelea kupungua kwa 4 kila mita, na baada ya robo ya mita, yaani mita 2.25 kutoka A, inagusa sifuri. Inazidi kushuka hadi −15 pale B, ambapo nguvu ya egemeo inaifunga.

Momenti huwa kubwa zaidi pale ambapo V inavuka sifuri. Kata hapo, tazama kipande cha kushoto:

M = 18 × 2.25 − 4 × 2.25 × (2.25 ÷ 2) − 9 × 0.25 = 40.5 − 10.125 − 2.25 = kNm 28.125

Usiliamini bado. Tazama kipande cha kulia, chenye urefu wa mita 3.75: 15 × 3.75 − 4 × 3.75²/2 = 56.25 − 28.125 = 28.125. Pande zote mbili zimekubaliana. Ukaguzi huu huchukua nusu dakika, na ni bora kuliko kurudia hesabu ile ile mara tatu, maana kosa la kwanza hurudiwa nayo.

Lakini mwenzangu amechukua momenti ya katikati ya boriti na amepata 27. Tofauti ni ndogo, kuna ubaya gani?

Katikati ni 27, chini ya mzigo wa nukta ni 28, na kilele ni 28.125. Katika mfano huu tofauti haina madhara makubwa. Ubaya ni kwamba amebahatisha mahali, na bahati hiyo haitamfuata kwenye boriti iliyochomoza nje ya egemeo, ambako momenti kubwa kuliko zote inaweza kuwa juu ya egemeo lenyewe na yenye ishara ya kinyume. Katikati ni jibu sahihi pale tu mizigo na maegemeo yanapolingana pande zote mbili.

Mwalimu mmoja anachora momenti juu ya mstari, mwingine chini. Nimfuate nani?

Yeyote anayekusahihishia. Makubaliano yanayotumika sana ni kwamba momenti inayoifanya boriti ilegee chini katikati, ikivutwa upande wa chini na kubanwa upande wa juu, ni chanya. Kuna nchi na vitabu vinavyochora mchoro wa momenti upande ule unaovutwa, na wahandisi wa zege huupenda utaratibu huo kwa sababu mchoro unawaonyesha nondo zikae wapi. Yote ni sawa. Kisichokuwa sawa ni kubadilisha makubaliano katikati ya swali. Andika juu ya ukurasa wako ni upi umeuchagua, uchore na kipande kidogo cha boriti chenye mishale ya V na M chanya, kisha usiuache.

Fomula σ = My/I inatoka wapi?

Hapa inafaa kwenda polepole, kwani anayeelewa inakotoka hushindwa mara chache kuitumia.

Boriti inapopinda, nyuzi za upande mmoja hurefuka na za upande mwingine hufupika. Kati yao upo mstari ambao haurefuki wala haufupiki. Tuuite mstari wa mkazo sifuri. Chukulia kwamba kila umbo la mkato lililokuwa bapa kabla ya kupinda linabaki bapa baada ya kupinda, limeinama tu. Basi kiasi ambacho uzi unarefuka kinalingana na umbali wake, y, kutoka kwenye mstari ule. Kama boriti imejikunja kwa nusu kipenyo R, mrefuko kwa kila kizio cha urefu ni y/R.

Kwa mata inayofuata kanuni ya Hooke, mkazo, σ, ni E (kipimo cha ugumu wa mata) mara mrefuko huo, yaani σ = Ey/R. Sasa kuna masharti mawili. Kwanza, hakuna anayeivuta boriti kwa urefu wake, kwa hiyo jumla ya nguvu zote za kuvuta na kubana kwenye mkato ni sifuri. Sharti hili linaulazimisha mstari wa mkazo sifuri upite kwenye kitovu cha eneo la mkato. Pili, nguvu hizo zikizidishwa na umbali wake lazima zitoe M. Ukizijumlisha unapata M = EI/R, ambapo I ni jumla ya vipande vya eneo kila kimoja kikizidishwa kwa y². Unganisha hizo mbili, E na R zinajiondoa, inabaki σ = My/I.

Njia hii haikupatikana kwa siku moja. Galileo, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1638, alichukua boriti iliyochomekwa ukutani akadhani kwamba mkato mzima unavutwa kwa mkazo mmoja na kuzunguka kwenye ukingo wa chini. Aligundua kwa usahihi kwamba nguvu ya boriti inakua kwa mraba wa kimo chake. Hata hivyo kadirio lake la momenti ni mara 3 ya lile linalotokana na fomula tunayotumia leo, kwa sababu hakuona kwamba upande mmoja unabanwa. Hooke alitangaza kanuni yake mwaka 1678. Coulomb aliliweka sawa suala la mgawanyo wa mkazo mwaka 1773, na mihadhara ya Navier iliyochapishwa mwaka 1826 ndiyo iliyoipa nadharia hii sura inayofundishwa hadi sasa. Kama mstari wa mkazo sifuri unakusumbua, uliwasumbua watu wenye akili nyingi kwa karibu karne mbili.

Basi boriti yetu ina mkazo kiasi gani?

Tuseme ni mbao yenye upana wa mm 150 na kimo cha mm 300. Kwa mstatili, I = bh³/12 na umbali wa uzi wa mwisho ni h/2, kwa hiyo ni rahisi kutumia moduli ya umbo, Z = bh²/6:

Z = 150 × 300² ÷ 6 = mm³ 2,250,000

σ = 28,125,000 ÷ 2,250,000 = N/mm² 12.5

Uzi wa chini kabisa unavutwa kwa 12.5, wa juu kabisa unabanwa kwa 12.5, na pale kwenye kimo cha katikati mkazo wa kupinda ni sifuri. Kama mbao hiyo inaruhusiwa mkazo gani, hilo linatoka kwenye jedwali la daraja la mbao husika, na jedwali hilo utalikuta kwenye viwango vya ujenzi mnavyotumia darasani.

Nikiilaza kwa ubapa je?

Mbao ni ile ile na uzito ni ule ule, ila sasa upana ni 300 na kimo ni 150. Z inakuwa 1,125,000, mkazo unapanda hadi N/mm² 25. I nayo inashuka hadi robo, kwa hiyo boriti italegea mara nne zaidi. Kimo kimo ndani ya Z kwa mraba na ndani ya I kwa kipeo cha tatu. Upana umo mara moja tu. Boriti ya chuma yenye umbo la I imetokana na wazo hilo hilo: peleka mata mbali na mstari wa mkazo sifuri, acha ukuta mwembamba katikati wa kushikilia pande hizo mbili.

Umbo la T linanichanganya. Ni y ipi nitumie?

Zote mbili. Umbo la T halilingani juu na chini, hivyo kitovu cha eneo hakiko katikati ya kimo.

Chukua T yenye bapa la juu la 200 × 40 na mguu wa 40 wenye kimo cha 200, vipimo vyote katika mm. Kila kipande kina eneo la 8,000. Kutoka chini, kitovu cha mguu kiko 100 na cha bapa kiko 220. Maeneo ni sawa, kwa hiyo kitovu cha jumla kiko 160 kutoka chini. Kila kipande kiko umbali wa 60 kutoka hapo. Ongeza I ya kila kipande na eneo lake mara 60²:

Mguu: 40 × 200³ ÷ 12 + 8,000 × 60² = 26.67 + 28.8 (milioni)

Bapa: 200 × 40³ ÷ 12 + 8,000 × 60² = 1.07 + 28.8 (milioni)

Jumla ni takriban mm⁴ milioni 85.3. Uzi wa chini uko 160 kutoka mstari wa mkazo sifuri, wa juu uko 80. Kwa hiyo momenti yoyote utakayoweka, mkazo wa chini utakuwa mara mbili ya ule wa juu. Kosa linalojitokeza sana hapa ni kusahau zile 8,000 × 60². Bila hizo I inakuwa chini ya theluthi ya thamani yake.

Kujua upande upi unavutwa si jambo la mtihani tu. Chuma cha kusubu hustahimili sana kubanwa lakini ni dhaifu kikivutwa, na reli za karne ya 19 ziliwahi kukitumia kwa boriti za madaraja. Daraja la reli la mto Dee huko Chester, Uingereza, lililokuwa na boriti za aina hiyo, lilivunjika mwaka 1847 treni ikiwa juu yake, na watu 5 walikufa. Ndiyo maana kwa mata kama hiyo unakokotoa mikazo miwili na kulinganisha kila mmoja na uwezo wake.

Vizio vinaniangusha kila mara. Kuna njia?

Ipo: badilisha kila kitu kuwa N na mm kabla ya kugusa fomula ya mkazo, na usiruhusu mita kuingia. Hapo mkazo utatoka katika N/mm², ambayo ni MPa yenyewe. kNm 1 ni Nmm 1,000,000. Na kuna zawadi moja: kN/m 4 ni N/mm 4, tarakimu haibadiliki. Ukipata mkazo wa 0.0125 au wa 12,500 kwenye boriti ya mbao, kosa ni la vizio, usihangaike kulitafuta kwingine.

Mkazo wa kukata nao uko wapi? Kwa nini hauko pale pale?

Kwa sababu una kazi nyingine. Fikiria mbao mbili za upana sawa, kila moja yenye kimo cha mm 150, zimewekwa moja juu ya nyingine bila gundi. Zikipinda, zinateleza moja juu ya nyingine, na kila moja inapinda kivyake: zikiwa pamoja, mkazo ni mara mbili na kulegea ni mara nne ya mbao moja nzima ya mm 300. Katika mbao nzima, kitu kinachozuia kuteleza huko ni mkazo wa kukata, nao ni mkubwa zaidi pale ambapo mtelezo ungekuwa mkubwa, yaani kwenye mstari wa mkazo sifuri. Kwenye nyuso za juu na chini hakuna cha kushikilia, kwa hiyo ni sifuri.

Fomula ya jumla ni τ = VQ/(Ib), ambapo τ ni mkazo wa kukata, b ni upana wa mkato pale unapokokotoa, na Q ni eneo lililo nje ya hapo mara umbali wa kitovu chake kutoka mstari wa mkazo sifuri. Ilitolewa na mhandisi Mrusi Dmitry Zhuravsky, aliyejenga madaraja ya mbao ya reli katikati ya karne ya 19. Mbao hupasuka kirahisi kufuata nyuzi zake, na yeye ndiye aliyelazimika kulitazama tatizo hilo. Kwa mstatili inafupika kuwa mara 1.5 ya V/A (hapa A ni eneo la mkato), kwa duara lililojaa ni mara 4/3 ya V/A. Boriti yetu ina V kubwa ya kN 18 pale A:

τ = 1.5 × 18,000 ÷ 45,000 = N/mm² 0.6

Ni kidogo ukilinganisha na 12.5, lakini uwezo wa mbao kwa kukatwa nao ni mdogo sana. Kwa boriti fupi zenye mizigo mizito ukaguzi huu ndio unaoamua.

Mkazo wangu uko chini ya uwezo wa mata. Nimemaliza?

Hapana. Kagua kulegea. Kwa mzigo uliotandazwa, kushuka kwa katikati ni 5wL⁴/(384EI), ambapo w ni mzigo kwa kila kizio cha urefu na L ni urefu wa boriti. Kwa mbao tuchukue E ya N/mm² 10,000, na I ya boriti yetu ni mm⁴ milioni 337.5. Mzigo wa kN/m 4 peke yake unaishusha kwa mm 20. Mzigo wa nukta unaongeza takriban mm 10 pale katikati. Jumla ni mm 30 kwa urefu wa mm 6,000, yaani L/200. Viwango vingi vya sakafu huweka kikomo mahali fulani kati ya L/250 na L/360. Boriti haitavunjika, lakini sakafu itadundadunda na dari iliyo chini yake itapata nyufa.

Dawa ni kimo. Kikiongezwa kutoka mm 300 hadi 350, kushuka kunabaki kama mm 19 na mkazo unakuwa karibu 9.2. Kuchagua mbao yenye nguvu zaidi lakini E ile ile kusingesaidia hata kidogo, na hapo wanafunzi wengi hushangaa: chuma cha daraja la juu hakilegei pungufu ya chuma cha daraja la chini, maana E ya vyote ni kama N/mm² 200,000.

Boriti nyembamba na ndefu za chuma zina hatari nyingine, ambapo upande unaobanwa unakwepa pembeni na boriti nzima inajisokota kabla mkazo haujafika kikomo. Mada hiyo huja baadaye kwenye masomo. Kwa sasa jua tu kwamba My/I haiioni.

Fomula zipi nizikariri?

Chache. Boriti juu ya maegemeo mawili: PL/4 kwa mzigo wa nukta P katikati, wL²/8 kwa mzigo uliotandazwa. Kantileva (boriti iliyofungwa ncha moja tu): PL kwa mzigo wa nukta kwenye ncha huru, na wL²/2 kwa uliotandazwa. Kulegea: PL³/48EI, 5wL⁴/384EI, PL³/3EI, wL⁴/8EI kwa mpangilio huo huo. Umbo: bh³/12, bh²/6, na πd⁴/64 kwa duara. Zilizobaki zitafute kwa kukata. Nina shaka na orodha ndefu za fomula kwa sababu humfanya mwanafunzi atafute picha inayofanana na swali lake, na swali la mtihani hutungwa makusudi lisifanane na picha yoyote.

Boriti yangu ina maegemeo matatu na milinganyo haitoshi. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Msawazo peke yake hautoshi pale nguvu zisizojulikana zinapozidi milinganyo, na hapo unaongeza sharti la kulegea: boriti haiwezi kushuka pale ilipoegemea. Mfano mwepesi ni kantileva yenye mzigo uliotandazwa ambayo ncha yake ya pili imeegemezwa kwenye rola. Ondoa rola, ncha itashuka kwa wL⁴/8EI. Nguvu R ya rola ingeinyanyua kwa RL³/3EI. Ziweke sawa na R = 3wL/8. Ukutani inabaki 5wL/8 na momenti ya wL²/8. Mbinu zote za baadaye, hata ile ya kugawa momenti aliyoitoa Hardy Cross mwaka 1930, zimejengwa juu ya wazo hilo.

Naweza kutumia My/I kwa boriti ya zege yenye nondo?

Moja kwa moja, hapana. Zege ikivutwa hupasuka mapema, na sehemu iliyopasuka haihesabiwi. Unabaki na zege inayobanwa upande mmoja na nondo zinazovutwa upande wa pili, kwa hiyo hesabu yake ina utaratibu wake. Lakini mchoro wa momenti ni ule ule, na ndio unaoamua nondo kuu zikae upande upi: chini katikati ya boriti iliyolazwa juu ya nguzo mbili, juu kwenye kantileva. Baraza iliyochomoza ambayo nondo zake zimewekwa chini haina tofauti kubwa na isiyo na nondo.

Kalkulasi ni lazima?

Kwa kupita mtihani wa kwanza, unaweza kukwepa. Lakini kuna mahusiano mawili yanayorahisisha kazi kuliko yanavyoiongeza: mwinamo wa mchoro wa M ni V, na mwinamo wa V ni mzigo wenye ishara hasi. Kwa lugha ya maeneo, badiliko la M kati ya nukta mbili ni eneo chini ya mchoro wa V. Kwenye mfano wetu, eneo la mita 2 za kwanza ni (18 + 10) ÷ 2 × 2 = 28, na ile pembetatu ndogo ni 1 × 0.25 ÷ 2 = 0.125. Tumerudi kwenye 28.125 bila kukata popote.

Programu za kompyuta zinafanya haya yote kwa sekunde. Kwa nini nijisumbue?

Programu haijui kama umeweka pini mahali palipotakiwa ncha iliyofungwa, wala kama mzigo uliouandika 40 ulikuwa 4. Itakupa mchoro wa rangi nzuri kwa boriti ambayo hukuikusudia. Itumie, ila kwanza kadiria kwa mkono. Mfano: mizigo yetu yote, W, ni kN 33, ingetandazwa sawasawa, WL/8 ingetoa kama kNm 24.8, na ingekuwa yote katikati, WL/4 ingetoa 49.5. Jibu linapaswa kuwa kati ya hizo, karibu na ya kwanza, kwa kuwa mzigo mwingi umetandazwa. Programu ikikuletea 280, unajua la kufanya.

Uzito wa boriti yenyewe nao nihesabu?

Kama swali halijasema upuuzwe, ndiyo. Boriti yetu ya mbao, kwa msongamano wa kg 600 kwa mita ya ujazo, ina uzito wa karibu kN/m 0.27, na momenti yake ni kama kNm 1.2 tu. Ya zege yenye vipimo hivyo hivyo, kwa kN 25 kwa mita ya ujazo, ina kN/m 1.125 na momenti ya kama kNm 5, ambayo ni takriban asilimia 18 ya ile tuliyoikokotoa kwa mizigo mingine yote.